Kuzimua Rangi ya Akriliki kwa Eabrashi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila mtu anaponunua eabrashi (bomba dogo la kupulizia rangi kwa hewa) yake ya kwanza na kuielekeza kwenye modeli ya ndege au kifaru cha plastiki. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya kukwaruza kichwa. Jibu likihitaji maelezo yaliyokwisha kutolewa, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwa nini rangi izimuliwe? Kwa brashi ya mkono naipaka ilivyo na inakaa vizuri.

Brashi ya mkono inaisukuma rangi kwa nywele zake. Eabrashi inaivuta kwa hewa ipite kwenye tundu la milimita 0.2 hadi 0.5, na ndani ya tundu hilo kuna sindano. Kinachobaki kwa rangi kupita ni mwanya mwembamba tu kuizunguka sindano. Rangi nzito ama itakwama, ama itatoka kwa mafungu.

Kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaijui. Tone la rangi linaanza kukauka tangu likiwa hewani. Rangi iliyozimuliwa vizuri inafika kwenye plastiki ingali majimaji, ikapata sekunde chache za kujitandaza na kuungana na tone la jirani. Ulaini wa uso unapatikana katika sekunde hizo.

2. Iwe nyepesi kiasi gani?

Kila mahali utaambiwa "kama maziwa". Ni kweli, lakini maziwa ya wapi? Mtindi si maziwa kwa maana hii. Fikiria maziwa yaliyoenguliwa malai.

Ninavyopima mimi ni hivi. Changanya rangi kwenye kikombe kidogo cheupe. Kwa kijiti, pandisha rangi kidogo kwenye ukuta wa ndani wa kikombe, kisha uache na uitazame ikishuka. Ikining'inia na kushuka kwa uvivu, ikiacha utando mzito usioona chini yake, bado. Ikiteremka mara moja na kuacha utando mwembamba, weupe wa kikombe ukichungulia huku rangi ingali inasomeka, iko tayari. Ikikimbia kama chai ya rangi na kuacha vijito, umezidisha.

Baada ya hapo puliza kwenye kijiko cha plastiki cha kutupa kabla hujagusa modeli. Kijiko kina mviringo, kingo na bonde, kwa hiyo kitakuonyesha karibu kila aibu ambayo bawa la ndege lingekuonyesha, kwa gharama ndogo zaidi.

3. Nipe kipimo basi. Rangi ngapi, thina (kimiminika cha kuzimulia) ngapi?

Vipimo vya kuanzia, kwa kila chapa ya rangi, ni hivi. Tamiya na Mr. Hobby Aqueous: sehemu moja ya rangi kwa sehemu moja hadi mbili za thina. Vallejo Model Color: nusu kwa nusu, pamoja na matone mawili matatu ya kiboresha mtiririko (dawa ya kuifanya rangi ipite kwa urahisi). Vallejo Model Air: tone moja la thina kwa kila matone matano hadi kumi ya rangi, na mara nyingine hata hilo halihitajiki (tazama swali la 9).

Nasema vya kuanzia kwa sababu kipimo hakikai pale pale. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana imeshapoteza kimiminika na imekuwa nzito. Nyeupe ina uzito wake, nyeusi ina wake. Chumba cha asubuhi si chumba cha saa nane mchana. Mtu akikupa uwiano na kuapa kuwa ndio huo huo siku zote, basi hajapaka nyingi. Tumia uwiano kufika karibu, kisha kikombe cheupe cha swali la 2 kikamilishe kazi.

Kwa kupimia, nunua bomba la sindano la mililita 2 kwenye duka la dawa, bila sindano yake. Lina alama za kila mililita 0.1, na ukishasafisha unalitumia miezi.

4. Nichanganyie ndani ya kikombe cha eabrashi au nje?

Nje, mpaka mkono uzoee. Kama lazima iwe ndani, tangulize matone machache ya thina, rangi ifuate. Ukianza na rangi, inazama moja kwa moja hadi kwenye nozeli (lile tundu la swali la 1) ikiwa bado nzito, na hapo hakuna kijiti kinachofika. Watu wengi wanailaumu kompresa kumbe kosa ni mpangilio huo tu.

## Rangi ipi, thina ipi

5. Zote zimeandikwa "akriliki". Kwa nini thina moja isitoshe?

Neno akriliki linataja utomvu unaoshikilia rangi. Halisemi utomvu huo umebebwa na nini, na kinachokutana na thina yako ni hicho kilichoubeba.

Kwenye meza za wapenzi wa modeli kuna koo mbili. Ukoo wa kwanza ni Tamiya (zile chupa za X na XF) na Mr. Hobby Aqueous, zote za Japani. Humo utomvu umeyeyushwa kwenye alkoholi na viyeyusho vingine vinavyokubali maji. Fungua kifuniko unuse, utaipata harufu. Ukoo wa pili ni Vallejo, Ammo na AK kizazi cha tatu, zote za Hispania, pamoja na Aqua Color ya Revell. Hizo ni vitone vidogo sana vya utomvu vinavyoelea ndani ya maji, na hazinuki sana.

Ukoo wa pili ni kama tui la nazi. Tui ni mafuta yanayoelea ndani ya maji kwa amani mpaka uingize kitu cha kuivuruga hiyo amani, ndipo linakatika. Rangi ya maji nayo inakatika ukiitilia alkoholi kali au thina ya laka. Ukoo wa kwanza hauna tatizo hilo.

Ukiwa na shaka, tone moja la rangi na tone moja la thina juu ya kipande cha plastiki, koroga, subiri dakika moja. Vikibaki laini, endelea.

6. Rangi yangu imegeuka mlenda ndani ya kikombe. Nifanye nini?

Pole. Imekatika, na haina dawa. Imwage.

Mimi yalinikuta nikiwa na bawa la ndege ya kipimo cha 1/48 mkononi. Nilikuwa nimezoea Tamiya na alkoholi ya asilimia 99, ile wanayotumia mafundi simu kusafishia bodi. Nikafungua chupa ya rangi ya maji na kuitilia alkoholi ile ile bila kufikiri. Kwanza zikatokea nyuzi, kisha utando, na nilipovuta triga (kitufe cha kutolea rangi) ikatoka kamba moja ndefu ya kijani kama mlenda uliokolea, ikatua katikati ya bawa. Bawa niliokoa kwa kuliosha mara moja. Eabrashi ilinichukua jioni nzima.

Kuisafisha: toa sindano kwa kuivuta nyuma, fungua nozeli, futa utelezi mwingi kwa karatasi laini, loweka vipande vya chuma kwenye dawa ya kusafishia eabrashi, kisha pitisha kibrashi kile cha kusafishia katikati ya meno. Usichokoe nozeli kwa pini ya kushonea. Ikipanuka kidogo tu, eabrashi itatema matone maisha yake yote.

7. Maji ya bomba yanafaa?

Kwa ukoo wa maji, yanafaa kidogo na kwa dharura. Maji yana kani kubwa ya uso, kwa hiyo rangi hujikunja kuwa vishanga badala ya kutandaa, hasa kwenye plastiki yenye mafuta ya vidole. Thina ya kampuni ina kemikali ya kuishusha kani hiyo, na pia haiupunguzi sana utomvu. Ukizidisha maji, rangi inakauka ikiwa dhaifu, unaifuta kwa kidole kama vumbi la chaki.

Maji ya kisima chenye chumvi, kama ilivyo kwenye mitaa mingi ya Dar es Salaam, yaache kabisa. Tumia maji yaliyotonezwa. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, ila soma lebo mara mbili, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo kwenye chupa inayofanana.

Tamiya inakubali maji pia, lakini matokeo hayapendezi: inatengeneza vishanga na inachelewa kushika.

8. Na spiriti ya duka la dawa? Thina ya gereji?

Spiriti kwanza, na kwa ukoo wa Tamiya tu. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu inafanya kazi. Ile ya asilimia 70 inafanya kazi pia, kumbuka tu kwamba sehemu iliyobaki ni maji. Spiriti ya kusafishia vidonda inaweza kuwa na mafuta ya mbarika ndani yake, na mafuta hayo yatabaki kwenye rangi. Spiriti ya zambarau imetiwa rangi yake yenyewe. Sanitaiza ya jeli, hapana.

Kasoro ya alkoholi tupu ni kwamba inakimbia upesi mno. Kwenye joto rangi inakauka njiani na kufika ikiwa unga. Ongeza matone mawili ya kichelewesha kukauka (ritada), au tumia X-20A, thina ya Tamiya yenyewe.

Kwa ukoo huo huo, ukitaka uso laini kuliko yote, tumia Mr. Color Leveling Thinner au thina ya laka ya Tamiya yenye kifuniko cha njano. Ile ya kwanza ina ritada ndani yake, rangi inatulia na kujisawazisha mbele ya macho yako. Mimi sijarudi nyuma tangu niijue. Lakini inanuka, inawaka, na inataka barakoa ya kweli (swali la 20).

Thina ya gereji ni jambo jingine. Imetengenezwa kwa bati la gari, nayo inakula polistirini, yaani plastiki ya modeli. Kipande chenye mistari ya paneli (ile michoro ya maungio ya mabati) kinaweza kulainika na kupoteza michoro yote. Itumie kusafishia vyuma tu, mbali na mipira ya eabrashi.

9. Chupa imeandikwa "Air". Bado niizimue?

Mara nyingi kidogo, ndiyo. Imezimuliwa kwa kukadiria nozeli ya kawaida na hali ya hewa ya kawaida, na kawaida yao si Tanga mwezi wa pili. Kwa nozeli ya 0.4 huenda ikapita ilivyo. Kwa 0.2 ongeza thina na kiboresha mtiririko. Na itikise kweli kweli, dakika nzima, maana rangi nyepesi hutuama chini haraka.

## Presha, nozeli na joto letu

10. Presha niweke ngapi?

Kwa kazi ya kawaida, psi 15 hadi 20, yaani takriban baa 1 hadi 1.4. Soma geji ukiwa umebonyeza triga na hewa inatoka, maana ikisimama namba huwa juu zaidi.

Presha na wepesi wa rangi vinakwenda pamoja. Rangi nyepesi inataka presha ndogo, rangi nzito inataka kubwa. Anayeongeza presha mpaka psi 35 ili rangi itoke, ajue rangi yake ni nzito, arudi kwenye kikombe. Umbali nao umo: sentimita 5 hadi 10 kwa kufunika eneo, 2 au 3 kwa mstari mwembamba.

11. Kila baada ya dakika mbili rangi inakauka kwenye ncha ya sindano. Ni rangi mbovu?

Hapana, ni tabia ya akriliki za maji, na kwetu joto linaizidisha. Hewa inapita kwenye ncha bila kukoma na kuikausha rangi iliyobaki pale. Kifundo kinakua, mstari unapinda, halafu kifundo kinaruka na kutua kwenye modeli yako.

Fanya haya yote, si moja: tone la kiboresha mtiririko au ritada kwenye mchanganyiko, presha ishuke kidogo, na pamba ya masikio iliyoloweshwa thina ikae karibu, uifute ncha kila baada ya muda mfupi bila kusubiri ikatae. Ritada isizidi, la sivyo rangi itabaki inanata kesho yake. Zima feni pia. Najua ni joto, lakini feni inakausha rangi hewani na kukupeperushia vumbi kwenye rangi mbichi. Wakati wa kaskazi mimi napaka kabla ya saa mbili asubuhi.

12. Mbona maji yanaruka katikati ya kupaka?

Huo ni unyevu wa hewa ya pwani. Kompresa inaibana hewa, hewa inapoa ndani ya mpira, maji yanatokea. Funga kichujio cha maji, kimoja kwenye reguleta (kidhibiti cha presha) na kama unaweza kingine kidogo chini ya mpini wa eabrashi. Tangi nalo lina bilula ya chini ya kumwagia maji. Ifungue kila ukimaliza. Nyumba iliyo karibu na bahari utashangaa kiasi kinachotoka.

Ukitumia thina ya laka siku ya mvua na rangi ya kung'aa ikaota ukungu mweupe, ni unyevu huo huo umenaswa juu ya rangi. Subiri siku kavu.

13. Kompresa ya friji bovu inaweza kutumika?

Inatumika, na haina kelele. Inataka tangi, reguleta, vali ya usalama na chujio la mafuta, kwa sababu inatema mafuta yake kidogo kidogo, na tone moja la mafuta linaacha jicho kwenye rangi. Umeme na usalama wa tangi mwachie fundi anayejua.

## Rangi ikikataa

14. Rangi inatoka na miguu kama buibui.

Imezidi wepesi kwa presha hiyo, au uko karibu mno, au umevuta triga sana. Hewa inaisukuma rangi iliyokwisha kutua. Anza na triga, kisha presha, kisha ongeza rangi kwenye mchanganyiko. Kwa kawaida triga pekee inatosha.

15. Uso umekauka ukiwa wa kukwaruza, kama msasa.

Rangi imefika imekauka. Sogea karibu, ongeza thina, na kama unatumia alkoholi tupu rudi swali la 8. Uso uliokwisha kukwaruza unaweza kuusugua kwa msasa laini wa maji wa 2000, kisha ukapaka upya kwa wepesi. Rangi za ukoo wa maji hazipendi kusuguliwa, huchanika kama ngozi. Subiri angalau siku nzima.

16. Uso umekuwa kama ganda la chungwa.

Matone yamefika yakiwa mazito mno kujitandaza. Zimua zaidi. Anza na ukungu mwembamba sana, uache dakika chache ushike, kisha tabaka mbili tatu zenye unyevu kidogo. Ukitaka kufunika kwa tabaka moja, utapata ganda au utapata michirizi.

17. Nimebandua masking tepu ikaja na rangi.

Hili ni la maandalizi kuliko la thina. Osha vipande kwa maji ya sabuni ya vyombo kabla ya kuunganisha, maana dawa ya kutolea plastiki kwenye kalibu bado imo. Paka praima, yaani rangi ya msingi. Rangi za ukoo wa maji zinashika kwa kufunika tu, haziiumi plastiki, kwa hiyo bila praima zinatoka vipande vipande. Zipe siku moja kabla ya tepu, na tepu yenyewe ibandike kwanza kwenye kiganja ili ipunguze gundi. Kuzimua mno kwa maji nako kunachangia (swali la 7).

## Kesi maalumu

18. Nyeupe na njano hazifuniki hata nikipaka mara sita.

Usizizimue kama nyingine. Unga wa nyeupe ni mwingi na mzito, na njano nyingi zina uwezo mdogo wa kufunika. Tumia nozeli ya 0.3 au zaidi, thina pungufu, tabaka nyingi nyembamba. Chini yake weka praima nyeupe, au waridi kwa njano. Njano juu ya praima ya kijivu inakuwa ya kijani, na hilo hakuna thina inayolitibu.

Rangi za metali ni kinyume: zimua zaidi, na koroga kikombe kila mara kwa sababu vipande vya metali vinazama ukiwa unapaka.

19. Nataka yale madoadoa ya ndege za Kijerumani za Vita Kuu ya Pili.

Hapa ndipo kuzimua kunageuka sanaa. Mchanganyiko wa sehemu moja ya rangi kwa tatu za thina au zaidi, presha psi 8 hadi 12, eabrashi sentimita moja au mbili kutoka kwenye mwili wa ndege, na triga inayovutwa kidogo sana kiasi kwamba mpigo wa kwanza huoni kitu. Doa linajengwa kwa mipigo mitano sita. Ukiliona mara ya kwanza, umeshalizidisha. Rangi za ukoo wa Tamiya na thina ya kusawazisha (Leveling Thinner ya swali la 8) zinaiweza kazi hii vizuri zaidi, kwa sababu ya lile tatizo la swali la 11.

Mchanganyiko kama huo, mweusi wa XF-1 na kahawia ya XF-64 uliozimuliwa hadi uwe kivuli tu, ndio unaotumika kupitisha uchafu kwenye mistari ya paneli.

20. Ni ya maji. Kuna haja ya barakoa?

Ipo. Mapafu hayajali kama unga umebebwa na maji. Barakoa ya N95 inazuia vumbi la rangi lakini haizuii mvuke, kwa hiyo kwa Tamiya, alkoholi na thina ya laka tumia ile yenye mikebe ya kaboni. Dirisha wazi, na usipakie jikoni jiko la gesi likiwaka.

21. Naweza kutumia akriliki za tyubu za wachoraji, au zile za kazi za mikono shuleni?

Za wachoraji, ndiyo, kwa uvumilivu. Ni nzito kama dawa ya meno, kwa hiyo zimua kidogo kidogo: tone, koroga, tone, koroga. Ukimimina thina yote mara moja utapata supu yenye madonge. Chuja kwa kipande cha soksi nyembamba ya kike. Za shule zina unga mnene na zitaziba nozeli hata baada ya kuchuja. Zipakie vibao vya kusimamishia modeli kwa brashi ya mkono.

22. Mchanganyiko uliobaki naweza kuuhifadhi?

Wa Tamiya uliozimuliwa kwa thina yake unakaa miezi kwenye kichupa cha kioo kinachofunga vizuri. Wa Vallejo na thina yake, mimi siupi zaidi ya wiki moja mbili. Uliozimuliwa kwa maji utumie siku hiyo hiyo, maana unatengana na baadaye unaota harufu. Usirudishe kilichobaki ndani ya chupa ya asili. Andika kwenye kifuniko rangi, thina na tarehe, kwa sababu vichupa vitatu vya kijani vilivyokaa pamoja mwezi mzima hutavitofautisha, na kimoja kati ya hivyo kitakuwa na alkoholi.